Kanuni za Intaneti Kazini Ziandikwe Kabla ya Kosa

Nikiwa meneja utawala wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, niliwahi kumwandikia kijana mmoja barua ya onyo kwa kupakua filamu saa za kazi. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzito mno, nyaraka za mteja zikakwama kuingia kwenye mfumo wa forodha, na kontena likalala bandarini. Kijana alisoma barua, kisha akaniuliza kwa adabu ni wapi palipoandikwa katazo hilo. Hapakuwa na mahali. Niliifuta barua.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinamtaka anayepima uhalali wa kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu aangalie, pamoja na mengine, kama kanuni iliyovunjwa inaeleweka, kama mfanyakazi aliijua, na kama inatumika kwa wote bila upendeleo. Mwajiri asiyeandika chochote atafika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, mikono mitupu.

Baadaye nilifunga mitandao yote ya kijamii, WhatsApp ikiwemo, nikasahau kwamba wateja wetu wengi hututumia picha za nyaraka za mizigo kwa njia hiyo. Wafanyakazi walihamia kwenye simu na vifurushi vyao wenyewe, na siri za wateja zikawa zinakaa katika simu ambazo ofisi haina mamlaka nazo. Madhara hayo, kwa maoni yangu, yalizidi yale ya filamu.

Ndipo tulipokaa pamoja na kuandika ukurasa mmoja: mafaili makubwa yasiyo ya kazi yasipakuliwe kwa mtandao wa ofisi, nyaraka za wateja zipite kwenye simu na barua pepe za ofisi pekee, na nywila asipewe mtu mwingine. Kuhusu ufuatiliaji, ambao unagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tulieleza waziwazi kwamba ofisi hurekodi kiasi cha data kinachotumiwa na kila kompyuta wala haisomi mawasiliano binafsi, na tukataja nani anaruhusiwa kuona rekodi hizo.

Nilimwomba mkurugenzi atie saini kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitazama mpira kwa mtandao uleule. Alikubali, na nakala ikabandikwa karibu na mlango wa kuingilia.