Shokapu za Nyuma: Mara ya Kwanza Niliaibika, Jumamosi Nimelipiza

Jumamosi iliyopita, kama saa kumi alasiri, nilisimama nyuma ya gari langu, nikakandamiza buti kwa mikono miwili, nikaachia. Likapanda, likatulia. Nikahamia kona ya pili. Likapanda, likatulia. Nilikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi, mgongo unauma, na nikajikuta nacheka peke yangu.

Hii si mara yangu ya kwanza kubadilisha shokapu za nyuma. Ile ya kwanza sikuwahi kuiandika popote, kwa sababu ilinitia aibu. Leo naisimulia yote, kwani najua wewe unayesoma hapa nawe una gari la zamani, umechoka kupeleka kila kitu gereji, na mikono inakuwasha kufungua kitu mwenyewe.

Gari langu lina miaka 22. Linavutwa na magurudumu ya mbele, na nyuma lina ekseli moja, springi zimekaa kivyake na shokapu zimesimama kivyake: bolti moja chini, nati moja juu ndani ya buti, imejificha chini ya kifuniko cha plastiki. Kama kwenye lako shokapu imepita katikati ya springi, soma haya kama hadithi tu. Springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja taya, na kuifungua kunahitaji vibanio vyake maalumu. Hilo sitanii.

Miaka miwili iliyopita lilianza kunesa. Tukivuka tuta, mbele inatulia, nyuma inaendelea kupanda na kushuka kama mtumbwi uliopitiwa na boti. Mke wangu, aliyekuwa kiti cha nyuma, akaniambia, "Baba watoto, hili gari litanitapisha." Nikachungulia chini. Shokapu ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta, na vumbi limegandia juu yake kama ukoko. Nikapitisha kiganja juu ya tairi, nikahisi mabonde: limelika huku, limepona kule, limelika tena.

Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Mzigo unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isicheze ngoma yake mpaka ichoke yenyewe. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ule mtikisiko unageuka joto. Mafuta yakishavuja, hakuna tena wa kuituliza springi, tairi linarukaruka badala ya kukamata barabara, na breki nazo zinachelewa kulisimamisha gari. Kwa hiyo si suala la starehe tu, ingawa wenzangu wengi hulichukulia hivyo.

Nikaenda gereji moja. Fundi alitazama sekunde kumi, akasema shokapu zote nne na springi zote nne. Nikamwambia za mbele ni nzima, na za nyuma nitafunga mwenyewe. Akawageukia vijana wake, akacheka. "Bosi, haya siyo mambo ya kusoma kwenye simu." Maneno yale yalinikaa kooni wiki nzima. Nilinunua jozi ya shokapu kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikaingia chini ya gari.

Bolti ya chini ilikuwa kutu tupu. Nikapulizia dawa ya kulegeza kutu, nikasubiri dakika tano (tano!), nikaweka spana, nikaipanda kwa mguu. Spana ikateleza, kona za nati zikalika, na mimi nikajigonga ugoko, kovu ninalo. Nikakata kwa msumeno wa chuma, saa mbili nimelala chali, unga wa chuma unaniingia machoni. Ndiyo, bila miwani.

Kisha nikafanya dhambi mbili. Ya kwanza: nilipokuwa nakaza nati ya juu ya shokapu mpya, fimbo ya chuma inayoshika pistoni nayo ikawa inazunguka pamoja na nati. Nikaikamata kwa koleo pale kwenye mng'ao wake. Ilibaki alama ndogo kama ukucha wa paka. Nikasema si kitu. Lakini fimbo ile huingia na kutoka kwenye sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, kila gari linapotikisika, na kila safari ile alama inaikwangua sili. Ya pili: nilikaza kila kitu gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia, kisha nikalishusha kwa furaha.

Wiki ya tatu mafuta yakaanza kutoka. Mwezi wa tano bushi, zile raba za maungio ya shokapu, zikaanza kulia, kwii, kwii, kila kona. Shemeji yangu alikuja kutusalimu, akachuchumaa nyuma ya gari, akauliza kwa upole kabisa, "Shemeji, hizi ndizo mpya? Mbona zinatoka jasho?" Alipofika kwao akawasimulia wote. Kwa muda mrefu ukweni jina langu lilikuwa Injinia.

Basi. Safari hii nilianza Jumatano. Nilisugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, nikapulizia dawa ya kutu usiku tatu mfululizo. Jumamosi asubuhi nati iliyonitoa damu miaka miwili iliyopita ilifunguka kwa mkono mmoja. Nilikaa kidogo nikaitazama. Ndugu yangu, kama utachukua kitu kimoja tu humu, chukua hizo siku tatu. Na usipashe moto shokapu ili kuifungua: ndani kuna mafuta, na nyingi zina gesi yenye shinikizo.

Kulinyanyua gari na kutoa gurudumu sitaeleza, unajua. Ila kuna mtego mmoja. Hendibreki kwenye magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo uliyoyanyanyua, kwa hiyo haikusaidii kitu. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tia gia, kisha mwili wa gari ukae juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, usilale chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake.

Jeki ya pili niliiweka chini ya ekseli, nikaipandisha kidogo mpaka shokapu ikaacha kuvutwa. Kwenye magari mengi kama langu, shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukichomoa bolti bila kuishikilia, ekseli inadondoka, inavuta paipu za breki, na springi inaweza kuchomoka mahali pake. Kwa sababu hiyohiyo fungua upande mmoja, ufunge, ndipo uende wa pili.

Juu, ndani ya buti, ncha ya fimbo ina sehemu iliyochongwa bapa. Unaishika hapo kwa spana ndogo, nati unaizungusha kwa spana nyingine. Kumbe ndiyo kazi yake! Shokapu kuukuu kamata kwa koleo upendavyo, inakwenda kwenye chuma chakavu. Mpya usiiguse kwenye mng'ao hata kwa kucha.

Shokapu mpya huwa imelazwa kwenye boksi muda mrefu, na hewa ndani yake huhama mahali isipotakiwa. Nilizisimamisha wima, nikaivuta na kuisukuma kila moja mara tano. Mara ya kwanza unasikia inapwaya katikati, kama hatua iliyokosa ngazi. Ya tatu, ya nne, inakuwa nzito mwanzo hadi mwisho. Za gesi huja zimefungwa mkanda, ukiukata zinajirefusha zenyewe taratibu, kwa hiyo mimi hufunga juu kwanza ndipo naachia mkanda.

Mpangilio wa washa na raba za juu niliupiga picha kabla ya kufungua. Usijiamini kukumbuka. Mimi nilijiamini, mara ile ya kwanza nikabaki na washa moja mkononi.

Sasa pale penye dhambi yangu ya pili. Bushi ya chini ni raba iliyogandishwa kwenye bomba la chuma. Haizunguki, inajinyonga tu. Ukiikaza gari likiwa limening'inia, umeifunga katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari inajipinda, inakaa imejipinda usiku na mchana, mpaka ichanike. Kwa hiyo bolti ya chini niliisogeza tu ikakaa. Nikarudisha magurudumu, nikashusha gari, nikalitikisatikisa likae sawa, ndipo nikalala nikaikaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwangu mkono unafika bila shida. Kama hufiki, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao pana. Nimesema, na narudia: kaza gari likiwa limesimama kwa miguu yake.

Na nunua mbili. Usiniletee habari ya "iliyovuja ni moja tu". Upande mmoja ukituliza haraka na mwingine ukichelewa, gari linavutana lenyewe kwenye kona. Tunapenda kubana pale pasipobanika, halafu tunalaumu barabara, tunalaumu fundi, tunalaumu kiwanda. Nimelaumu wote hao. Mwenye koleo alikuwa mimi.

Jumapili nikaendesha kama kilomita 80, nikarudi nikakagua nati za magurudumu. Zote zilikuwa zimekaza. Asubuhi hizi bado nachuchumaa na tochi kabla ya kwenda kazini, kutazama kama kuna jasho. Kavu.

Jana shemeji alipita. Hakusema kitu, alikandamiza buti, akaachia, akakandamiza kona ya pili. Akajifuta mikono kwenye suruali. "Shemeji," akasema, "langu nalo siku hizi linanesa."

Nikampa kopo la dawa ya kutu. Aanze kupulizia leo, Jumamosi alilete.