Bangi ya zambarau: haijapakwa rangi, na si lazima iwe inaumwa

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama zile picha za bangi ya zambarau zimechezewa kwenye simu, na kama rangi hiyo ndiyo inayoifanya iwe kali. Yote mawili jibu ni hapana.

Niko Leamington, Ontario, Kanada. Huku vitalu nyumba vya nyanya, matango na pilipili hoho vimepangana mpaka macho yanachoka, na bangi iliporuhusiwa kisheria Oktoba 2018 baadhi vikahamia huko. Nimepiga kibarua kwenye kimojawapo miaka mitatu. Uani kwangu pia napanda, maana sheria inaruhusu miche minne kwa kaya. Huko nyumbani Tanzania ni jela, kwa hiyo soma hii kama somo la mimea tu.

Rangi yenyewe inaitwa anthosianini. Ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye tunda la zambarau, ganda la biringanya, kitunguu chekundu na choya. Chukua juisi ya choya, tia magadi kidogo uone: wekundu unakimbia, inaingia ubluu au ukijani. Rangi hii inafuata tindikali, ndiyo maana bangi moja inaonekana nyekundu-nyekundu na nyingine karibu nyeusi.

Chanzo kikubwa ni ukoo wa mbegu. Kwenye chumba kimoja tulikuwa na aina mbili: maji mamoja, mbolea moja, taa zile zile. Maua yalipokaribia kukomaa, upande wa kushoto ukaanza kubadilika, wa kulia kijani tupu. Msimamizi akashusha joto la usiku wiki mbili za mwisho ili rangi ikolee. Kushoto ikawa kama wino. Kulia hakuna kitu, hata ungeihamishia kwenye friji. Baridi inakoleza kilichomo kwenye damu, haileti kisichokuwemo. Halafu mmea ukizeeka ule ukijani wa jani unavunjika, na zambarau iliyokuwa imefichwa chini yake inajitokeza. Uani kwangu naliona hilo kila Oktoba, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10: unalala mche ukiwa kijani, baada ya siku chache umevaa joho la askofu.

Sasa nikuambie nilipojikwaa. Mimi ni wa Njombe. Kule mahindi machanga yakitoka na kingo za zambarau, mama hahitaji bwana shamba: "Yana njaa hayo, tia DAP," yaani mbolea yenye fosforasi nyingi. Na mara nyingi yuko sahihi. Udongo wa kule una tindikali, unaikamata fosforasi. Na kukiwa na baridi mizizi inakuwa mizito kuivuta. Mmea unashindwa kuitumia sukari yake vizuri, inarundikana kwenye jani, na zambarau inatengenezwa. Basi mwaka wangu wa kwanza nikaona vikonyo vya majani ya bangi vimepiga zambarau, nikajiona mtaalamu. Nikamwaga mbolea ya fosforasi kwa mkono wa Njombe. Siku kumi na kitu baadaye majani machanga ya juu yakawa njano katikati ya mishipa, kwa sababu fosforasi ikizidi inazuia chuma na zinki. Nikakesha nasafisha udongo kwa maji. Majani yakapona, vikonyo vikabaki zambarau vile vile. Vilikuwa hivyo tangu siku ya kuchomeka kipandikizi, sema sikuwa nimeangalia.

Siku hizi kabla ya kugusa mbolea natazama rangi iko wapi na mmea unakuaje. Vikonyo na shina zambarau, majani mazuri, unarefuka kila siku: uache. Majani ya chini, yale ya zamani, yamekuwa ya kijani kizito na kufifia, yana madoa, na mche umedumaa: hapo kweli kuna tatizo, ila anza na mizizi. Je, inazama kwenye maji? Udongo ni wa baridi? pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, imetoka nje ya 6 hadi 7? Ikiwa imetoka, fosforasi inaweza kuwa tele kwenye udongo na mmea bado ukafa njaa.

Kuhusu ukali: kinacholevya kimo kwenye vitezi vidogo vya utomvu vinavyong'aa juu ya ua, wakati rangi imo ndani ya seli za mmea wenyewe. Havitegemeani. Dukani huku zambarau inauzika kwa sura tu, kama embe lenye shavu jekundu.

Na kama kuna mdau wa Makete au Njombe ambaye mahindi yake yameingia zambarau msimu huu, ang'oe mche mmoja taratibu, atupie picha ya jani la chini pamoja na mizizi. Kwa picha ya juu peke yake hatutaiona shida.