Muulize Anko Kanda: Soda, mwenye nyumba na mpiga drams aliyesusa

Anko Kanda alirekodi na kuuza kaseti Kariakoo mpaka CD zilipomfungisha kibanda. Siku hizi anajibu barua za wasomaji kuhusu muziki, na kuhusu ugomvi unaoletwa na muziki.

Shikamoo Anko. Tuko wanne, tunapiga panki, ile roki ya kasi na makelele, hapa Tandika. Mazoezi tunafanya usiku kwenye fremu ya fundi cherehani akishafunga, na nyimbo zetu nyingi hazifiki dakika mbili. Unaojulikana zaidi ni ule wa mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sasa wakala wa matangazo katuletea mchongo: kampuni ya soda itoe milioni tatu, sisi tubadilishe kiitikio, pale kwenye "mwenye nyumba" tuweke jina la soda. Mimi, mwimbaji na mpiga gita tumekubali. Mpiga drams tulipomwambia alikuja juu, akasema panki wa kweli hajiuzi, akabeba vijiti vyake akaondoka. Mkataba una kurasa nne na unasema haki zote za wimbo ni zao daima, dunia nzima. Panki wana sheria gani kuhusu haya mambo?
*Mpiga besi, Tandika*

Marahaba, mpiga besi. Sheria ingekuwepo, wasingekuwa wanagombana tangu 1977. Januari ya mwaka huo The Clash, bendi ya panki ya London, walisaini na CBS, kampuni kubwa ya santuri, kwa pauni 100,000. Kijana mmoja, Mark Perry, aliyekuwa akichapa kijarida cha mashabiki kinaitwa Sniffin' Glue, akatangaza kwamba panki imekufa siku hiyo. Imekufa! Na huko Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza inajulikana.

Uchungu ule una sababu yake. Shabiki wa panki hakuwa mtu wa kulipa kiingilio na kwenda zake. Ndiye aliyechapa kijarida, ndiye aliyebandika matangazo ukutani, na wiki inayofuata huenda akapanda jukwaani yeye mwenyewe na nyimbo zake tatu. Mwezi uleule wa CBS, bendi ya Buzzcocks ya Manchester ilitoa santuri yake kwa pauni 500 za kukopa, nakala 1,000 za mwanzo, bila kampuni yoyote kubwa. Vijana wengi walipoiona wakasema kumbe hata sisi tunaweza. Sasa bendi ikihamia kwa wenye fedha, shabiki haoni kwamba mwenzake amepata kazi nzuri. Anaona amedhulumiwa kitu alichosaidia kukijenga. (Buzzcocks haohao walisaini na kampuni kubwa, United Artists, kabla mwaka haujaisha. Hilo mpiga drams wenu labda hakusimuliwa.)

Wapo walioshika msimamo mpaka mwisho. Kule Berkeley, California, kuna ukumbi unaitwa 924 Gilman Street unaoendeshwa na watu wa kujitolea, na bendi yenye mkataba na kampuni kubwa ilikuwa haipandi jukwaa lake. Bendi ya Green Day ilikulia pale. Waliposaini na kampuni kubwa mlango ukafungwa, albamu yao ya 1994 ikauza mamilioni, na jukwaa lile hawakulikanyaga tena na bendi yao mpaka 2015. Bendi ya Fugazi ya Washington nao walikuwa wakitoza kiingilio cha dola 5 na hawakuuza hata fulana. Nawavulia kofia. Ila usisahau kwamba mwimbaji wao, Ian MacKaye, alikuwa na kampuni yake ya kutoa santuri, Dischord, aliyoianzisha na mwenzake tangu 1980. Ukiwa na kampuni yako, ya watu unaikataa huku umekaa.

Sisi Dar tumepita njia nyingine kabisa. Wanamuziki niliowakuta mjini walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na vyombo ni vya chama. Sikinde, iliyoanza 1978, baadaye ikawa ya shirika la maendeleo la jiji. Unapokea mshahara, unakwenda kurekodi Radio Tanzania, mkanda unabaki hukohuko. Mwambie mzee wa saksafoni wa enzi zile kwamba alijiuza, atakuuliza alijiuza kwa nani, kwa shilingi ngapi, na mbona hiyo hela hajaiona mpaka leo.

Kwa hiyo milioni tatu hazinitishi, hata kidogo. Mkigawana wanne ni laki saba na nusu kila mtu, na hapo ukimpelekea mwenye nyumba wako kodi ya miezi sita ya chumba na sebule huenda akakurudishia aseme haijatimia. Wimbo wenu unasema kweli.

Kinachonitisha ni hizo kurasa nne. Turudi kwa The Clash. Waliamini mkataba umewapa uhuru wa kazi yao, na mwaka haujaisha CBS ikachomoa wimbo mmoja kwenye albamu ikautoa sokoni peke yake bila ridhaa yao. Wakakasirika, wakatunga wimbo wa kuisema kampuni. Kampuni ikautoa huo nao, ikauuza, ikapokea fedha zake. Hapo ndipo penye kuuzwa, mdogo wangu: unatukana na tusi lako linaingizwa kwenye hesabu za mwajiri. Lakini wimbo wao pekee uliofika namba moja Uingereza ulifika 1991, bendi imeshavunjika, kwa sababu ya tangazo la jinzi za Levi's. Hapo sioni aibu kubwa. Nyimbo za bendi zilibaki kuwa nyimbo za bendi.

Nyie mnaombwa kumtoa mwenye nyumba. Ukimtoa mwenye nyumba mle ndani kinabaki nini? Makelele na soda. Watu wa Tandika wanaoimba kile kiitikio wanaimba mwenye nyumba wao wenyewe, wanamjua kwa jina na kwa kikohozi. Mwambieni wakala hivi: tutawatungia wimbo mpya wa soda, sekunde thelathini, tutaushona kama fundi anavyoshona sare ya shule kwa vipimo vya mteja. Wimbo wa mwenye nyumba hauguswi. Na mkataba uandikwe kwamba ni wa tangazo hilo tu, kwa mwaka mmoja, Tanzania. Neno "daima" lifutwe. Kabla ya yote nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili nyimbo zenu, majina manne, siyo matatu.

Nasema manne makusudi. Soma barua yako tena: "Mimi, mwimbaji na mpiga gita tumekubali. Mpiga drams tulipomwambia…" Mmeshakaa, mmeshakubali, ndipo mkampelekea taarifa. Hata ningekuwa mimi ningebeba vijiti vyangu. Hayo ya panki wa kweli ameyatafuta baadaye, ili hasira yake ipate jina la heshima. Mfuateni kwake, wote watatu, na mkataba haujasainiwa, mumpe ausome mwenyewe ukurasa kwa ukurasa. Akisema hapana, basi ni hapana, na soda itafute bendi nyingine.

Anko, binti yangu amemaliza kidato cha sita. Amechukua koti la marehemu baba yake akalijaza pini za nepi na michoro, na anasikiliza makelele ya Kizungu kutwa. Jirani anasema ni mashetani.
*Mama wa Kimara*

Pole, dada yangu, na jirani umpe pole pia. Mtafutie binti habari za Poly Styrene, wa bendi ya X-Ray Spex. Baba yake alikuwa Msomali, mama yake Mwingereza, na jina lake la nyumbani ni Marianne Elliott-Said. Alipanda jukwaani London miaka ya 1970 na waya kwenye meno, wakati wasichana wakitakiwa wasimame pembeni wapendeze, akaimba kwa sauti ya kupasua masikio kuhusu plastiki na watu wanaonunua vitu hovyo. Pini hazina neno. Mimi ningemuuliza kuhusu lile koti, kwa upole, siku ambayo jirani hayupo.

Eti Anko, singeli ndiyo panki ya Dar?
*Dogo wa Manzese*

Hapana, ni singeli. Kwa kasi inaipita panki, maana mapigo 200 kwa dakika kwake ni mwendo wa kawaida. Kilichofanana ni kwamba nayo ilitengenezwa uswahilini na watu wasioomba ruhusa, ikajaa kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, kabla redio haijaitaka. Ugomvi wa kujiuza ndio sijausikia huko. Shabiki wa singeli akiambiwa msanii wake kapata tangazo, anauliza kalipwa shilingi ngapi, halafu anauliza kama Jumamosi bado atakuja.