Swali la Baraka, na kopo la baba yako

Mwanangu Rehema,

Umeniandikia kwamba Baraka amerudi kutoka shuleni akiuliza kama ni kweli mtu alitoka kwa nyani, na unataka jibu fupi la kumpa kabla baba yako mkubwa hajampa la kwake. Fupi ni hili: hapana, si kwa nyani hawa tunaowaona. Sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita, kisha koo zikaachana. Lakini ukimpa hilo tu atalikariri kama mji mkuu wa nchi. Aanze kuelewa viumbe hubadilika vipi, na kwa hilo nyani hahitajiki. Inahitajika klorokwini.

Unaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria ya zamani. Mtu mzima alimeza vidonge 4 siku ya kwanza, 4 ya pili, 2 ya tatu, kila kimoja miligramu 150. Kufika siku ya pili homa imeshuka na mwasho umepanda, mtu anajikuna kwa kitana usiku kucha. Vile 2 vya mwisho havimezwi. Vinaenda kwenye kopo, na kopo la nani sote tunajua. Marehemu baba yako alivihifadhi vyote, vya kwake na vyenu, na mtoto akipata joto kidogo anampa kimoja, "cha kuizuia isije." Dawa ilipoanza kushindwa akasema ni feki. Baadaye akasema wadudu wameizoea. Nilimwambia mezani mbele ya wageni, na leo bado namwambia: mdudu hajifunzi kitu. Anakufa au anazaa.

Mdudu wa malaria akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula hemoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu. Mabaki yake yenye madini ya chuma ni sumu kwake, kwa hiyo huyageuza kuwa punje zisizomdhuru, zile za kahawia zinazoonekana kwenye slaidi. Klorokwini hujikusanya kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea chakula na kuzuia kazi hiyo, naye anakufa kwa sumu ya mlo wake mwenyewe. Sasa, kwenye utando wa kifuko hicho kuna protini fulani. Nafasi ya 76 ya protini hiyo ikibadilika kutoka lisini kuwa threonini, yaani tofali moja la protini kuwa jingine, pamoja na mabadiliko mengine machache, inaanza kuitoa dawa nje. Badiliko hilo halikuja kwa kuitwa na dawa. Mdudu huzaliana kwa mamilioni, na jeni zikinakiliwa mara nyingi hivyo, makosa hutokea ovyo. Mengi hayana maana, mengine yanamuua mwenye nayo. Hili moja, siku dawa ipo, linamwokoa.

Mpe Baraka kalamu apige hesabu. Wadudu 1,000,000, mmoja tu ana badiliko. Dozi pungufu inaua 99 katika kila 100 wa kawaida. Wanabaki kama 10,000 na yule mmoja. Wote wakizaana, uwiano unabaki uleule: mmoja kwa 10,000. Dozi pungufu tena: mmoja kwa 100. Tena: nusu kwa nusu. Hakuna mdudu hata mmoja aliyebadilika alipokuwa hai. Kilichobadilika ni nani wamebaki kuzaa, na watoto wao wamerithi walichokuwa nacho wazazi. Nikisema dawa "inachagua" naipa akili isiyo nayo, najua, lakini sijapata njia nyingine ya kulisema upesi.

Kinachonifurahisha mpaka leo ni Malawi. Wao waliacha klorokwini mwaka 1993, kabla yetu sote huku. Mwaka 1992 wadudu wenye badiliko la 76 walikuwa asilimia 85. Kufika 2000 walikuwa 13. Mwaka 2005 wakaijaribu upya Blantyre kwa watoto: kati ya 80 waliopewa klorokwini, ilishindwa kwa mmoja. SP, dawa iliyochukua nafasi yake, ilishindwa kwa 71 kati ya 87! Badiliko lina gharama. Bila dawa, mwenye nalo anaachwa nyuma na wa kawaida. Hata akizaa 9 pale mwenzake anapozaa 10, wakianza sawasawa, baada ya vizazi 20 atabaki na 12 tu kwa kila 100 wa mwenzake. Na si kwamba wadudu walijirekebisha. Wale wa zamani hawakuwa wamekwisha, wakaongezeka tena. Hajifunzi, na hasahau pia.

Baba yako mkubwa atasema mdudu amebaki mdudu. Ni kweli, na nusu ya mimi huwa inakubaliana naye, kwa sababu miaka 8 ya Malawi si miaka milioni 7. Lakini amweleze Baraka kuhusu furu, samaki wa Ziwa Victoria. Ziwa lile lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na baada ya kujaa likaja kuwa na aina zaidi ya 500: wanaokula konokono, wanaokwangua mawe, wanaokula samaki wenzao. Na amweleze selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hulindwa na malaria kali. Anayeirithi kwa wote wawili anaugua. Ndiyo maana imebaki nyingi kwenye nchi zetu zenye mbu. Kwa hiyo hata sisi tumo.

Kuhusu kopo, sitasema kwamba lilichangia. Usugu haukuzaliwa nyumbani kwetu: ulianza mpakani mwa Thailand na Kambodia mwishoni mwa miaka ya 1950, ukatufikia huku mwishoni mwa miaka ya 1970. Tena klorokwini hukaa kwenye damu majuma mengi ikipungua taratibu, kwa hiyo hata aliyemeza vyote 10 alikuwa anawachuja wadudu wapya waliomwingia baadaye. Baba yako alikuwa mmoja katika mamilioni. Lakini kimoja kimoja, Rehema! Kwa mtoto mwenye joto! Haya, sisemi.

Ila wewe nyumbani usiwe na kopo. Dawa mseto ni vidonge 24 kwa mtu mzima: 4 mara mbili kwa siku, siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, la sivyo haiingii vizuri mwilini. Rwanda na Kagera wameshapatikana wadudu wenye badiliko la R561H, linaloichelewesha artemisinini, dawa kuu ndani ya mseto huo, kuwasafisha. Lile la Rwanda halikutoka Asia, lilizuka palepale. Baraka akimaliza hesabu ya kwanza mpe na hii: dawa 2 kwa pamoja, kila moja anaikwepa mmoja katika milioni. Wa kuzikwepa zote mbili ni mmoja katika wangapi? Anitumie jibu lake, na njia aonyeshe.

Mama yako