Pikapu inakwaruza baada ya kubadilisha rimu

Ndugu yangu wa Wete, umesema pikapu yako kuukuu inakwaruza mbele tangu uvishe rimu pana na matairi ya 265/75R15 badala ya 235/75R15, na fundi anataka kufungua beringi. Mwambie asubiri. Tairi hilo limezidi upana milimita 30 na kipenyo kama milimita 45, nafasi lazima ipungue.

Sikiliza inalia wakati gani. Ikiwa ni ukikata usukani hadi mwisho tu, paka chaki mabega ya tairi, zunguka taratibu kulia na kushoto, halafu inama na tochi: palipoingia chaki ndipo panapogusa. Mara nyingi ni plastiki ya ndani ya madigadi, au chasi.

Ikilia hata njia iliyonyooka, piga jeki, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Tazama risasi za kubalansi, vile vizito vidogo vya kusawazisha gurudumu, upande wa ndani wa rimu. Zikigusa kalipa, kile kinachobana pedi za breki kwenye diski, utazikuta zimeng'aa upande mmoja. Tazama pia bati la vumbi nyuma ya diski. Kwa hewa yetu ya chumvi linaoza, ukiligonga kidogo wakati wa kuvisha rimu linalalia diski. Lirudishe kwa bisibisi.

Ikilia ukipakia magunia ya karafuu tu, springi zimechoka.

Watakuuzia spesa, vipande vya kusogeza gurudumu nje. Mimi sizipendi, hasa zile sahani tupu zisizo na bolti zake, maana nati inabaki kushika nyuzi chache za bolti. Bora urudishe matairi ya saizi yake.