Shangazi, wimbo wangu wamempa mgeni, nihame kanisa?

*Shangazi shikamoo. Mi ni mwimbaji wa Moravian hapa Mbeya, sauti ya kwanza, naongoza nyimbo toka niko sande skuli. Makanisa ya mtaani kwetu yameunda kwaya ya pamoja, sisi, Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki, kwa ajili ya ile wiki ya kuombea umoja wa Wakristo ya Januari. Sasa wimbo nilioongoza miaka yote mwalimu kampa binti wa Kikatoliki, tena katangaza kwenye grupu la WhatsApp bila hata kuniambia. Nimejitoa na wenzangu wanane wamenifuata. Mchungaji anasema nina kiburi. Nihame? – Sauti ya Kwanza, Mbeya*

Marahaba mwanangu.

Nianze na mwalimu wako maana najua ndo unachosubiri. Kakosea. Mtu amekuimbia miaka yote hiyo halafu unamvua maiki kwa meseji ya grupu, watu wanaweka vidole gumba na yeye anasoma, hapana, hiyo sio adabu hata kidogo. Alitakiwa akuite pembeni baada ya mazoezi akuambie kwa mdomo. Umeumia na una haki ya kuumia, na mchungaji naye angekusikiliza kwanza kabla hajakupa jina.

Ila barua yako ilikuwa ndefu kuliko hiyo niliyoweka hapo juu, na kuna sehemu nimeirudia mara mbili. Umeandika kwamba usiku ukikosa usingizi unafungua ile klipu ya ibada ya mwaka jana unasoma komenti, unatafuta nani kakutaja. Na wimbo umeuita "wangu" kila mahali, Mungu kwenye barua nzima katokea mara moja tu, tena kwenye "Mungu anajua nilivyohangaika na ile kwaya". Sikusemi vibaya mwanangu, nakuonyesha tu ulichoandika kwa mkono wako.

Fungua 2 Nyakati sura ya 5, pale Sulemani analeta sanduku la agano hekaluni. Watu wanaipenda hiyo sura kwa sababu ya lile wingu la utukufu wa Mungu lililojaza hekalu, wanaruka mstari wa 11 unaosema makuhani waliokuwepo walijitakasa wote bila kufuata zamu zao. Zamu! Na zamu kwao ilikuwa kitu kikubwa, imepangwa, ina familia zake, mtu anazaliwa ndani yake. Siku hiyo wakaziweka kando, wapiga panda 120 pamoja na waimbaji wakatoa sauti moja ya kumsifu Bwana, ndipo nyumba ikajaa utukufu, na ulipojaa hao makuhani wenyewe wakashindwa hata kusimama kuhudumu. Mi huwa najiuliza, kama mmoja wao angesema leo ni zamu ya ukoo wetu, ingekuwaje?

Afu we ni Moravian, hili unalijua kuliko mimi. Pale Herrnhut, Ujerumani, wakimbizi wa imani walianza kujenga kijiji mwaka 1722 kwenye ardhi ya Zinzendorf, mtawala wa kikabaila aliyewapokea, wakaanza kugombana, huyu Mlutheri, huyu wa Reformed, yani wafuasi wa Calvin, huyu wa lile kanisa la zamani la Ndugu kutoka Moravia, kila mmoja anataka ibada iende kama alivyolelewa. Zinzendorf akawa anawapitia, anaongea nao, Mei 1727 wakakubaliana namna ya kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti wakapatana kwenye Meza ya Bwana. Walishiriki wapi hiyo meza? Kanisa la Berthelsdorf, la Kilutheri. Yani siku ambayo Moravian dunia nzima wanaikumbuka ilitokea kwenye nyumba ya watu wengine! Mwezi huohuo wakaanza kupokezana maombi usiku na mchana, yakaenda miaka mia, na wamisionari wa kanisa hilohilo ndo waliofika Rungwe 1891, hapo hapo jirani na kwenu. Sasa unaniambia binti wa Kikatoliki akiongoza ubeti ibada inaharibika?

Cha kufanya. Hao wanane ndo wananinyima raha kuliko huo wimbo, wamekufuata wewe, hawakufuata hoja, kwahiyo kuwarudisha ni kazi yako na sio ya mchungaji. Wapigie simu mmoja mmoja, usiandike kwenye grupu, waambie mi narudi na naomba turudi wote. Wakianza kumsema yule binti wakatishe hapohapo.

Halafu kamtafute huyo binti kabla ya mazoezi, sio mbele ya watu. Umesema mwenyewe kwamba ubeti wa tatu anaukimbiza na pale juu sauti inamkatika. Si unajua pa kuvuta pumzi? Mwonyeshe. Akiimba wewe uitikie kwa sauti yako yote, usipunguze ili watu waone pengo lako, nawajua waimbaji nyie.

Mwalimu muone pia, umwambie iliniuma ulivyoitangaza, ila nimerudi. Ukitaja tangazo usimzungushe, na ukishasema basi, msamehe, usije ukamkumbusha kila Jumapili. Na tafadhali usiniletee ule unyenyekevu wa kukaa benchi la nyuma umenuna, ukiombwa kuongoza wimbo mwingine unasema "aah mi sina kipaji, wapeni wenye vipaji". Hicho ni kiburi kilekile, kimejifunga kanga tu. Ukipewa wimbo, imba.

Kuhusu kuhama, utahamia wapi? Huko nako kuna kwaya, kuna mwalimu, na kuna dada mmoja anaongoza wimbo ambao ni wake toka utotoni. Mazoezi umesema ni Jumamosi saa kumi, we nenda saa tisa na nusu, na kama kuna mmoja kati ya wale wanane hajakubali bado, mpitie kwake mwende wote.