Weather Report: usizitenganishe albamu za studio na za laivu

Mkuu, umesema umeusikia wimbo wa "Birdland" mahali, umekuganda kichwani, na sasa unataka kununua albamu za waliouimba kwa ala, Weather Report, ile bendi ya jazi ya Marekani. Kuna mdau kakushauri ubaki na za studio tu, eti za laivu ni marudio yenye makofi. Kwa bendi nyingi ushauri huo ningeuacha upite. Kwa hii siwezi. Mimi ni mpiga besi, na hawa jamaa ndio walionifanya nishike besi, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kirefu.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Safari moja alirudi na kaseti ya dakika 90 ambayo mwenzake wa melini alimrekodia kutoka kwenye santuri. Juu yake pameandikwa kwa kalamu "Weather Report 8:30", basi. Hakuna majina ya nyimbo wala ya wapigaji. Niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kuvuta. Kuelekea mwisho kuna kwaya ya watoto, na kwa miaka mingi niliamini wale watoto walipandishwa jukwaani usiku uleule, mbele ya watu walewale niliowasikia wakishangilia mwanzoni. Nilipokuja kuishika santuri yenyewe, nikasoma kasha: albamu ni ya 1979, santuri mbili, pande tatu zimerekodiwa kwenye shoo na upande wa nne ni wa studio. Watoto wako upande wa nne, kwenye "The Orphan". Miaka yote ile sikio langu lilikuwa limeuvuka mpaka bila kuuona.

Na haikuwa bahati. Bendi ilianzishwa mwishoni mwa 1970 na Joe Zawinul, mpapasa kinanda kutoka Vienna, Austria, pamoja na Wayne Shorter wa saksofoni na Miroslav Vitouš wa besi. Zawinul alikuwa na mtindo wake wa kutunga: anakaa kwenye kinanda, anapiga chochote kinachomjia huku tepu inazunguka, halafu anasikiliza na kuyaandika yale yale kwa noti. Kwa hiyo hata wimbo unaosikika umepangwa mstari kwa mstari, asili yake ni mtu aliyekuwa anabuni papo hapo. Tena mchezo wa studio na ukumbi aliuzoea kabla. Mwaka 1966, akiwa na bendi ya mpiga saksofoni Cannonball Adderley, walirekodi "Mercy, Mercy, Mercy!", utunzi wa Zawinul, kwenye albamu iliyotajwa kuwa ya laivu kwenye klabu moja ya Chicago. Kumbe ilipigwa studio ya Capitol, Hollywood, wageni wamealikwa na vinywaji vimewekwa. Ukiisikiliza, zile kelele za watu ni sehemu ya wimbo kabisa.

Weather Report waliendelea hivyohivyo. "I Sing the Body Electric" ya 1972 upande mmoja ni studio, upande wa pili ni vipande vya shoo waliyopiga Tokyo tarehe 13 Januari mwaka huo. Shoo nzima ilitoka Japani ikiitwa "Live in Tokyo", na huko wanaunganisha nyimbo nne mfululizo kwa zaidi ya dakika 26 bila kupumua. Ni kazi ngumu, nakuambia ukweli, usianzie hapo. Ila ukishaizoea bendi, rudi uone walivyokuwa wakali kabla hawajajua kutengeneza wimbo wa kuimbika barabarani.

Wimbo huo wa kuimbika ndio "Birdland", uko kwenye "Heavy Weather" ya 1977. Hapo nakaa kidogo, maana hapa ndipo besi ilipobadilika. Ile sauti nyembamba inayoingia mwanzoni, baada ya mdundo wa sinthesaiza, wengi hudhani ni gitaa. Ni besi ya Jaco Pastorius, mpiga besi wao wa wakati huo. Anaigusa nyuzi nusu kwa kidole gumba na kuicharaza kwa vingine, inatoa zile sauti za juu za kengele. Kwenye "Teen Town" anapiga besi na dramu pia ni yeye mwenyewe. Na "A Remark You Made", besi yake na saksofoni ya Shorter wanaimba kama watu wawili wanaoagana mlangoni na hakuna anayetaka kuondoka wa kwanza.

Nilijaribu kuupiga wimbo huo kwa besi ya kawaida nikashindwa. Noti zinakatika kwenye freti, vile vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni mwa besi, wakati Jaco zake zinateleza. Nikasoma kwamba yeye aling'oa freti za besi yake ya Fender, akaziba mapengo, kisha akapaka ubao gundi ngumu inayotumika kwenye boti. Nikachukua besi yangu ya pili, nikazing'oa freti moja moja kwa koleo, fundi seremala wa mtaani akaniziba mapengo kwa gundi na vumbi la mbao na kuupiga msasa. Usiku ule ndipo nilipoelewa: bila freti, kila noti unaitafuta kwa sikio, na ukikosea kidogo kila mtu anasikia. Jaco alikuwa anafanya hivyo mbele ya maelfu ya watu, kila siku.

Na hiyo ndiyo sababu huwezi kuishia kwenye "Heavy Weather". Hata yenyewe si ya studio tupu: "Rumba Mamá", ule wimbo wa ngoma na sauti wa Alex Acuña na Manolo Badrena, umerekodiwa kwenye tamasha la Montreux mwaka 1976. Albamu ya studio ina kipande cha laivu tumboni, na albamu ya laivu, 8:30, ina upande mzima wa studio.

Sasa weka hizo mbili pamoja. Kwenye "Heavy Weather" wapigaji ni watano. Kwenye shoo za 8:30 wamebaki wanne: Zawinul, Shorter, Jaco na kijana Peter Erskine kwenye dramu. Mtu mmoja kapungua lakini muziki umekuwa mzito zaidi. "Birdland" wanaikimbiza. "Black Market" inafika katikati, kinanda na besi vinanyamaza, wanabaki Shorter na Erskine peke yao, saksofoni na dramu wanakabana koo. Kwenye rekodi ya studio ya 1976 hicho kitu hakipo. Kisha Jaco anaachiwa jukwaa kwenye "Slang": anapiga kifungu kifupi, kifaa chake kinakishika na kukirudia, yeye anapiga juu yake, mpaka unasikia bendi ya mtu mmoja. Nani ataniambia hayo ni marudio yenye makofi?

"Mr. Gone" ya 1978 ilipewa nyota moja na jarida la Down Beat. Mimi naona walionewa, ila si ya kununua kwanza.

Ya kununua ni "Night Passage" ya 1980, kwa maana ndiyo inayomaliza ubishi wenu. Ukiisikiliza hivi hivi utasema ni studio, ilivyo safi. Sehemu kubwa ilipigwa Los Angeles Julai mwaka huo, mbele ya watu walioalikwa, na "Madagascar" ikachukuliwa kwenye shoo ya Osaka. Humo mna "Three Views of a Secret" ya Jaco, utunzi wake mzuri kuliko wote masikioni mwangu.

Baada ya Jaco kuondoka kuna albamu nzuri pia, "Procession" ya 1983 hasa, akiwemo Victor Bailey kwenye besi na Omar Hakim kwenye dramu. Na ukishanogewa, kuna kasha la diski nne lililotoka 2015, "The Legendary Live Tapes: 1978–1981", ambalo Erskine alilisimamia kutokana na kanda za shoo zilizokuwa zimehifadhiwa. Baadhi zina mikwaruzo ya kaseti, na mimi nazipenda hivyohivyo.

Kwa hiyo mkuu, kama hela inatosha albamu mbili, chukua "Heavy Weather" na 8:30. Sikiliza "A Remark You Made" ya studio, kisha ya laivu, papo hapo. Halafu iache 8:30 iendelee mpaka upande wa tatu, Shorter anapobaki peke yake na saksofoni kwenye "Thanks for the Memory", ukumbi mzima umetulia. Zima feni kama unaweza. Kisha uje hapa utuambie ulichosikia.